Simu Inayokataa Kuonyesha Video



Miezi hii swali moja limetufikia mara nyingi, kliniki na hata nje ya kanisa baada ya ibada. "Dada, mbona simu yangu inafungua kila kitu isipokuwa video?" Ukurasa unafunguka, maandishi yanasomeka, picha zinaonekana; lakini pale ilipo video pana kisanduku cheusi tu, au kiduara kinachozunguka bila kuchoka, au maneno kwamba video haipatikani. Bando lipo. Mtandao upo. Na jirani, mwenye simu ya bei ndogo kuliko yako, anaitazama video ile ile bila shida yoyote.

Jambo hili si la starehe tu. Huku kwetu Mabamba, mpakani na Burundi, mama akitaka kuhudhuria semina mjini Kibondo hana budi kutafuta nauli, kutafuta wa kumwachia watoto, na kuacha shamba siku nzima. Mafunzo yakija kwa simu ni msaada mkubwa. Shirika la Global Health Media la Marekani, kwa mfano, hutoa filamu fupi za afya ya mama na mtoto, na zipo zenye sauti ya Kiswahili: jinsi ya kumweka mtoto kwenye titi, jinsi ya kumbeba mtoto njiti kifuani ngozi kwa ngozi, dalili za hatari kwa mtoto mchanga. Sisi wauguzi tunaweza kueleza kwa maneno mpaka jioni, lakini mama akiona kwa macho yake jinsi mdomo wa mtoto unavyofunguka kabla ya kushika titi, dakika mbili zinatosha.

Sasa, mara nyingi kinachozuia video si ubovu wa simu. Ni ulinzi wa faragha ambao wewe mwenyewe uliuwasha, au binti yako alikuwashia, na pengine mlikuwa na sababu nzuri kabisa. Akina mama wengi wakiambiwa hivyo hukimbilia kuuondoa ulinzi wote. Hapo ndipo tunapoomba msikilize kidogo.

Tuanze na kadi ya kliniki, kwa kuwa kila mama anaijua. Mama akija mara ya kwanza tunamwandikia kadi. Akirudi mwezi ujao anaitoa, nasi tunajua yeye ni nani, mtoto ana uzito gani, chanjo ipi imebaki. Bila kadi tungeanza kumwuliza upya kila mara. Tovuti nazo hufanya vivyo hivyo. Ukifungua ukurasa, tovuti huiachia simu yako kikaratasi kidogo cha kumbukumbu kinachoitwa kidakuzi. Wengine huita kuki. Vidakuzi vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, na kazi yake ya kwanza ilikuwa njema: duka la intaneti likumbuke mteja ameweka nini kwenye kikapu chake.

Lakini fikiria mchuuzi mmoja anayesimama mlangoni pa kliniki, naye anakupa kadi yake. Kesho unamkuta dukani, kesho kutwa shuleni kwa mtoto, Jumapili yuko nje ya kanisa, na kila mahali anaitazama ile kadi yake na kuandika: mama huyu jana alikuwa kliniki, leo amenunua dawa fulani. Hivyo ndivyo vinavyofanya kazi vidakuzi vya washirika wengine. Si vya tovuti uliyoifungua, ni vya watu waliopewa nafasi ndani ya ukurasa wake, hasa wenye matangazo. Kwa njia hiyo huweza kukufuata kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Mama mmoja wa kata yetu, aliyeturuhusu tulieleze jambo lake bila kumtaja, aliijua habari hii kwa uchungu. Alikuwa akisoma juu ya ugonjwa alionao kwa simu ambayo watoto na shemeji yake huitumia pia. Siku moja shemeji alikuwa akitafuta matokeo ya mpira, na pembeni mwa ukurasa wa mpira likatokea tangazo la dawa za ugonjwa ule ule. Akauliza mbele ya watu: "Nani humu ndani anaumwa hivi?" Mama yule hakujibu. Usiku akamwomba binti yake, mwanafunzi wa sekondari, afunge kila kinachoweza kufungwa. Binti akafunga. Matangazo ya namna ile hayakuonekana tena, na mama akapata amani.

Baadaye alichaguliwa kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mafunzo yake yakawa na video kwenye tovuti maalumu, na mtihani mfupi kila baada ya somo. Hapo ndipo video zilipomkatalia.

Kwa nini zilikataa? Kwa sababu mara nyingi video unayoiona kwenye ukurasa haikai kwenye ukurasa huo. Imehifadhiwa kwa mwenyeji mwingine, kama YouTube au Vimeo, na ukurasa umefunguliwa kidirisha tu cha kuionyesha. Kwa kivinjari chako, yaani programu ya kufungulia kurasa kama Chrome au Firefox, mwenye video ni mgeni sawasawa na yule mchuuzi. Zipo video zinazocheza hata bila kidakuzi. Lakini zile zinazotaka kwanza kuhakikisha kwamba umejiandikisha, au kwamba wewe ni mtu na si mashine, zikinyimwa kidakuzi hubaki zimeduwaa. Umemfungia mchuuzi, na mwalimu naye amebaki nje.

Hii ndiyo sababu pia simu ya jirani inafungua na yako haifungui. Safari, kivinjari cha iPhone, kilianza kuzuia vidakuzi vyote vya washirika wengine mwaka 2020. Firefox ilianza mwaka 2019 kuzuia vile vya wafuatiliaji wanaojulikana, bila hata kuombwa na mtumiaji. Google walitangaza mwaka 2020 kwamba wangeviondoa katika Chrome, wakaahirisha mara kadhaa, na mwaka 2024 wakaiacha nia hiyo. Basi kila simu ina desturi yake, na bei haina uhusiano wowote na jambo hili.

Tukirudi kwa mama yetu. Mtihani ulikuwa umebaki siku mbili, akampelekea simu kijana mmoja anayetengeneza simu sokoni. Yule kijana hakuwa na nia mbaya, twaamini hivyo, lakini alifanya kazi ya haraka. Alirudisha mipangilio yote kama simu mpya. Aliondoa namba ya kufungulia kioo, "isikusumbue". Kisha akaingiza programu ya video aliyoirusha kwa Bluetooth kutoka simu yake, si kutoka Play Store. Video zikacheza. Mama akalipa, akashukuru, akaondoka.

Jioni alikuja nyumbani kwetu kwa sababu matangazo yalikuwa yamerudi. Tulipofungua orodha ya ruhusa za ile programu ya video, tulikuta imeruhusiwa kusoma ujumbe mfupi, kuona majina yote ya simuni, na kutumia kipaza sauti. Dada zangu, programu ya kutazamia video inataka kusoma ujumbe wako ili iweje? Kwenye ujumbe mfupi ndiko zinakokuja namba za uthibitisho, na ndiko zinakokaa habari za pesa za simu. Tuliiondoa programu ile usiku ule ule, akabadilisha namba yake ya siri ya pesa kwa mkono wake, akaweka upya namba ya kufungulia kioo. Kisha tukaifungua video ya somo katika Chrome ile ile aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Tuliyofanya ni haya, nawe unaweza kuyafanya. Maneno yanaweza kutofautiana kidogo kulingana na toleo la simu yako.

Kwanza tulipima. Usianze kugusa mipangilio kabla hujajua kama tatizo liko huko, kama vile sisi tusivyotoa dawa kabla ya kipimo. Fungua ukurasa ule ule katika kivinjari kingine kilichomo simuni. Ukicheza huko, basi tatizo ni mipangilio ya kivinjari cha kwanza. Usipocheza popote, jaribu simu nyingine yenye laini nyingine. Ukikataa hata huko, huenda kosa ni la tovuti yenyewe, na huna haja ya kuhangaika. Waandikie wenye mafunzo.

Pili, tulitazama kama yuko katika Hali fiche, ile yenye rangi nyeusi na alama ya kofia na miwani. Chrome katika hali hiyo huzuia vidakuzi vya washirika wengine bila kuambiwa, na ukiifunga husahau kwamba uliingia na jina lako. Akina mama wengi wanaotumia simu ya familia huishi humo. Ni kimbilio zuri kwa kusoma jambo la siri, lakini si mahali pa kufanyia mafunzo ya kujiandikisha. Tena msiitegemee kupita kiasi: huficha historia yako kwa atakayeshika simu baada yako, haikufichi kwa kampuni ya simu wala kwa tovuti unazozifungua. Mwaka 2020 Google walishtakiwa Marekani kwa sababu ya hali hiyo hiyo, na katika mapatano ya mwaka 2024 walikubali kufuta kumbukumbu nyingi mno zilizokusanywa humo.

Tatu, na hili ndilo lenyewe, tulifungua mlango mmoja tu. Ukiwa kwenye ukurasa wa video katika Chrome, bonyeza ile alama ndogo upande wa kushoto wa anwani ya tovuti. Zamani ilikuwa picha ya kufuli. Itafunguka orodha inayohusu tovuti hiyo peke yake. Tafuta palipoandikwa vidakuzi vya washirika wengine, ruhusu, kisha pakia ukurasa upya. Tovuti nyingine zote zimebaki zimefungwa kama binti alivyozifunga. Ukitumia Firefox ni rahisi zaidi: karibu na anwani kuna alama ya ngao, ibonyeze, zima ulinzi kwa tovuti hiyo, basi. Kwenye iPhone swichi ya kuzuia ufuatiliaji ni moja kwa tovuti zote, nasi hatuipendi kwa sababu hiyo. Ukiizima kwa ajili ya somo, iwashe tena somo likiisha. Au kama video ipo pia YouTube, ifungue huko moja kwa moja, maana hapo YouTube si mgeni tena, ni mwenye nyumba.

Kwa mama yule hilo lilitosha. Kwa wengine tumekuta mambo mengine. Kijana wa nyumbani amezima JavaScript ili kupunguza matangazo, na bila hiyo karibu hakuna video inayocheza. Au ameweka programu ya kuzuia matangazo. Au katika mipangilio ya mtandao ya simu, penye DNS ya faragha, ameandika jina la huduma fulani ambayo haipatikani vizuri kwenye mtandao wetu. Rudisha iwe ya otomatiki. Filamu za kulipia nazo hutaka ruhusa ya maudhui yanayolindwa, iliyomo katika mipangilio ya tovuti. Na wapenzi wa Opera Mini wakumbuke kwamba katika hali ya kubana data sana, ukurasa hutayarishwa kwanza kwenye mitambo ya Opera na sehemu nyingi zinazocheza huachwa nyuma. Ni programu nzuri kwa kusoma. Kwa somo la video tumia nyingine.

Kuna jambo la saa, ambalo sisi wa mpakani tunalijua kuliko wengine. Simu ikidaka mnara wa Burundi, saa yake hurudi nyuma saa moja, kwa kuwa wenzetu wako nyuma yetu saa moja. Hilo peke yake halizuii video, ingawa bando lako la nyumbani halitakusaidia huko na gharama yaweza kukushtua. Linalozuia ni tarehe ya uongo. Simu iliyokaa bila chaji siku nyingi, ikiwaka ikiwa inadhani ni mwaka mwingine kabisa, kivinjari hukataa kurasa na kusema kwamba muunganisho si wa faragha. Watu hudhani wamevamiwa na wezi. Rekebisha tarehe kwanza.

Na yapo mazuio ambayo hayamo simuni kabisa. Mwezi wa Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa. Siku kama zile hata ungefungua kila ulinzi ulionao usingepata chochote, ungekuwa umejivua nguo bure. Wengine hukimbilia VPN. Tunasema mawili tu: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka wanaotumia VPN wazisajili, na VPN yenyewe mara nyingi huwa ndiyo sababu ya video kukataa, kwa kuwa tovuti inakuona kama uko nchi nyingine. Kama unayo simuni na video hazichezi, izime kwanza uone.

Tumeulizwa pia kuhusu bando, nalo ni la haki. Video ya ubora mkubwa ikicheza saa moja yaweza kumaliza karibu GB 1. Bonyeza alama ya gurudumu kwenye video, ushushe ubora hadi 240 au hata 144. Uso wa mwalimu utaonekana kama ukungu wa asubuhi, lakini sauti utaisikia. Kikundi chetu cha akina mama kimeona ni afadhali zaidi, pale wenye video wanaporuhusu kupakua, mtu mmoja aipakue akiwa mjini na wengine waihamishe kwa kadi ya kumbukumbu. Kuhamisha video hakuna neno. Kuhamisha programu kwa Bluetooth, kama alivyofanyiwa mama yule, hapana.

Sasa lile swali gumu. Wapo waume, na wapo mama wakwe, wanaouliza: mke mwema anaficha nini kwenye simu? Hatulidharau swali hilo, na kila nyumba ina mapatano yake. Lakini mhudumu wa afya hubeba simuni habari za nyumba arobaini. Nani ana mimba na hajasema, nani ameanza dawa, mtoto wa nani amepungua uzito. Hizo si siri zake za kumwonyesha mumewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Mama yule alimweleza mumewe hivyo hivyo, bila kugusa ugonjwa wake mwenyewe, na mume akakubali simu iwe na namba yake. Shemeji amenunua ya kwake, na sasa anaangalia mpira kwa raha zake.

Mafunzo yakiisha, rudi palepale kwenye alama iliyo kando ya anwani, uondoe ruhusa uliyoitoa. Ukiwa umesahau ni tovuti zipi, ingia mipangilio ya Chrome, kisha mipangilio ya tovuti, kisha vidakuzi vya washirika wengine. Utaziona zimeorodheshwa, na unaweza kuzifuta moja moja. Mama yetu alipita mtihani wake. Alipoitazama orodha hiyo alikuta majina mawili: moja la mafunzo, na jingine la tovuti ya nyimbo za kwaya. La kwaya alisema libaki.

Mwezi ujao, kwa waliouliza, tutazungumza juu ya watoto na simu wakati wa likizo.